Kinanda Gani Ununue Kurekodi Nyumbani? Kwanza Msikilize Atakayeimba

Najua wengi wenu mnakuja hapa kujua msanii gani kamwacha nani, na nani kapiga picha na gari la kuazima. Leo tupumzike kidogo. Swali nililoulizwa mwaka huu kuliko umbea wowote ni hili: "Kaka, nataka nianze kurekodi geto, ninunue kinanda gani?" Anauliza mwana wa Bunju, anauliza dada wa Tegeta, anauliza dogo wa Kiromo ambaye hata laptopu anaazima kwa shemeji yake. Wote wana hela ya mawazo, na wote wameshatumiwa picha ya kinanda fulani na mtu anayetaka kukiuza haraka.

Wengi hujibu kwa bei. Una hela nyingi, chukua kikubwa. Una hela kidogo, chukua kidogo. Mimi nasema bei iwe swali la tatu. La kwanza: unamrekodi nani? La pili: sauti itatoka wapi, ndani ya kinanda chenyewe au ndani ya kompyuta? Ukishajibu hayo mawili, nusu ya vinanda vya dukani vinajiondoa vyenyewe. Hili silisemi kwa kusoma tu. Mwaka huu nimeingia dukani na hela ambazo nusu yake haikuwa yangu.

HELA ZA KIKOBA

Tulikuwa na laki sita. Laki tatu zangu, za kuhariri video za harusi na kutengeneza matangazo ya maduka hapa Bagamoyo. Laki tatu za shangazi yangu, alizokopa kwenye kikoba chao cha akina mama wa Magomeni. Magomeni ya Bagamoyo, sio ya Dar, msinichanganye. Na mkopo wa kikoba mnaujua: una riba, halafu una macho. Kila wiki unakaa kwenye mkeka na watu ambao wote wanajua unadaiwa shilingi ngapi.

Shangazi ana miaka 64. Ujanani aliimba kwenye kikundi cha taarab cha hapa mjini, vile vikundi vya kuitwa harusini na sikukuu. Kikundi kilishakufa zamani. Walirekodi kaseti moja tu, na kaseti yenyewe redio iliitafuna. Kilichobaki ni nyimbo tisa ambazo ziko kichwani mwake peke yake. Mbili za kumsifu bibi harusi, moja ya mtoto aliyesafiri asirudi, moja ni kijembe kwa jirani ambaye baadaye wakaja kuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na zilizobaki ni za mapenzi, hataki kuniambia alimtungia nani.

Mwaka jana alianza kusahau beti. Yuko uani anafua, anaimba, anafika katikati ananyamaza. Anarudi mwanzo. Anafika pale pale, ananyamaza tena. Siku moja akaniita akaniambia, "Mwanangu, hiyo mashine yako ya kuwarekodi watoto, nirekodi na mimi kabla hazijaniisha."

Sasa na mimi nilikuwa na yangu. Nilikuwa naitaka kontrola ndogo ya kutengenezea biti za singeli, ile yenye padi za kugonga dramu kwa vidole. Kwa hiyo laki sita moja, watu wawili, miziki miwili. Ndipo nikaanza kusoma kuhusu vinanda kama mtu anayesomea mtihani.

AINA ZENYEWE, BILA UCHAWI

Ya kwanza ni kontrola ya MIDI. Hii haina sauti. Narudia kwa sababu watu wanalizwa hapa: haina sauti kabisa. Ukiibonyeza bila kompyuta au simu unasikia plastiki inagonga plastiki. MIDI ni lugha ya vyombo vya muziki, ilianza mwaka 1983 ili kinanda cha kampuni moja kiweze kuongea na mashine ya kampuni nyingine. Inachotuma ni ujumbe, sauti yenyewe haimo: umebonyeza ufunguo fulani, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127, umeuachia sasa. Sauti inatoka kwenye programu kama FL Studio. Faida yake ni kubwa. Haili umeme wake, inachukua kwenye USB ya laptopu, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea mpaka betri ya laptopu iishe. Na sauti unazo zote ambazo kompyuta yako inazo. Akai MPK Mini ni mfano wa kontrola hizi: funguo 25, padi 8, inaingia kwenye begi la shule. M-Audio Keystation zipo za funguo 49, 61 na hata 88.

Ya pili ni arenja, ambayo mtaani ndiyo watu wakisema "kinanda" wanaimaanisha. Ina spika zake, ina sauti zake, na ina midundo ndani. Unashika kodi kwa mkono wa kushoto, chenyewe kinapiga dramu, besi na gitaa, wewe mkono wa kulia unaimba nao. (Kodi ya kinanda unaishika, kodi ya chumba ndiyo inakushika.) Ukoo wa Yamaha PSR-E na wa Casio CT ndio huu. Zile ndogo zinakubali na betri. Mpiga kinanda wa harusi anakula kwa mashine hii, kwa sababu anafika peke yake na analipwa kama bendi.

Ya tatu ni piano ya dijitali. Funguo 88, nzito chini ya kidole kama piano ya kweli. Ni tamu kwa mtu aliyesoma piano. Lakini Yamaha P-45 peke yake ina kilo 11.5, na urefu wake unazidi mita moja. Jaribu kupanda nayo Coaster ya kutoka Makumbusho saa kumi na moja jioni, halafu uje unisimulie konda alikwambia nini.

Ya nne ni sinthesaiza, mashine ya kutengeneza sauti kuanzia sifuri: unaipinda, unaikwaruza, unaichuja mpaka itokee kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Nyingi hazina spika ndani. Kwa mtu anayeanza kurekodi chumbani, programu za kompyuta zinafanya kazi kubwa ya hiyo, kwa hiyo hii iache mpaka ujue kwa nini unaitaka.

USIKIDHARAU KIDOGO

Kabla hatujaenda dukani niseme jambo, maana kuna dharau mtaani. Prodyuza mmoja wa Dar, jina kapuni, ila mmezicheza biti zake mkatoka jasho, alimwambia mdogo wangu mmoja kwamba kinanda cha funguo 61 ni "toi ya watoto". Huyo huyo studio kwake ana mashine ya mamilioni ambayo nimeiona kwa macho yangu: juu yake kaweka glasi na chaja mbili.

Historia yetu inamkatalia. Muziki wa mchiriku wa uswahilini Dar ulijengwa juu ya Casio ndogo za bei poa, zimeunganishwa na spika zilizochoka, sauti inakwaruza mpaka ukwaruzaji wenyewe ukawa utamu. Kundi la Jagwa Music lilikwenda na mchiriku huo mpaka Ulaya, na albamu yao ya Bongo Hotheads ilitoka huko mwaka 2012. Singeli nayo ikafuata, mwendo wa mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, ikitengenezwa kwenye kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na watu wa Ulaya wakaanza kuuliza vijana hawa wanatumia nini. Walikuwa wanatumia walichonacho.

Hata taarab yenyewe. Miaka ya 1990 makundi ya taarab ya kisasa kama East African Melody yaliweka kinanda cha umeme mbele, kikabeba kazi ambayo zamani ilikuwa ya fidla, kanuni na akodiani. Wazee walinung'unika, harusi zikaendelea. Kwa hiyo kinanda cha umeme sio mgeni pwani hii. Ila kina tatizo moja, na aliyenionyesha tatizo hilo ni shangazi, sio intaneti.

KARIAKOO, SHANGAZI ANAIMBA

Tulishuka Kariakoo Jumanne asubuhi. Nilimwambia shangazi abaki nyumbani, jua kali. Akasema hela zake hazisafiri bila yeye.

Duka la kwanza muuzaji alituona, akamwamkia shangazi vizuri, akatuwekea mbele arenja mpya kwenye boksi lake. Kizuri, kinang'aa, spika zinatoa. Nikakigeuza nyuma. Kuna tundu la hedifoni, kuna tundu la kuingiza muziki wa simu, USB hakuna. Hii ndiyo namba ya kuikariri: Yamaha PSR-E273 haina USB ya kwenda kwenye kompyuta, na funguo zake hazijui nguvu ya kidole, ubonyeze kwa upole au kwa hasira sauti ni ile ile. Kaka yake, PSR-E373, anavyo vyote viwili. Kwa mbali wanafanana kama mapacha. Ni kinanda kizuri cha kujifunzia, sisemi vibaya, lakini sisi tulikuwa tunatafuta cha kurekodia.

Muuzaji akaleta kingine chenye USB. Shangazi akauliza, "Naweza kukijaribu?" Muuzaji akampisha akae. Akasema, "Mimi sipigi. Piga wewe, mimi naimba."

Mjue shangazi haoni haya. Akaimba ubeti mmoja, kwa sauti ya chini, mkono umeshika mkoba wa hela. Kijana wa dukani alikuwa mpigaji mzuri, akamtafuta, akampata. Watu wawili mlangoni wakasimama. Halafu wakafika kwenye sehemu moja ya wimbo, na pale sauti ya shangazi na sauti ya kinanda zikaanza kugombana. Wakarudia. Zikagombana pale pale.

Kijana akasema kwa adabu, "Mama, hapo unatoka kidogo kwenye ufunguo."

Shangazi akamwangalia. "Mimi sijatoka, baba. Mimi niko kwangu. Hicho ndicho hakina hiyo nyumba."

Mimi nilidhani anajitetea. Kumbe anasema kweli tupu, na maelezo yake ni haya. Kinanda cha kawaida kimegawanya oktava katika vipande 12 vilivyo sawa. Kila kipande kinahesabiwa senti 100, na kati ya ufunguo mmoja na unaofuata hakuna kitu. Lakini taarab ya zamani ilichota sana kutoka Misri na nchi za Kiarabu, ambako kuna ngazi za muziki zinazoitwa makamu. Kwenye makamu kama Rasti na Bayati kuna sauti inayokaa karibu katikati ya funguo mbili, senti 50 hivi kutoka kila upande. Udi unaiweza kwa sababu shingo yake haina vizuizi. Fidla hivyo hivyo. Kanuni ina vishikizo vidogo vya kupandisha na kushusha kila uzi. Kinanda kinabakia kuchagua: juu au chini. Shangazi hajui jina la Rasti wala Bayati. Anajua pa kuweka sauti, kwa sababu aliyemfundisha aliiweka hapo.

Na sio taarab tu, hata hapa kwetu Bagamoyo, mji wa chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho sasa tunakiita TaSUBa. Marehemu Hukwe Zawose aliishi mji huu mpaka alipofariki mwaka 2003, na ilimba na zeze zake za Kigogo zimezunguka dunia. Ilimba nayo haifuati mgawanyo wa piano. Ukiiweka pamoja na kinanda bila kurekebisha kitu utasikia ugomvi ule ule wa dukani. Kwa hiyo dogo anayetaka kuchanganya ngoma za nyumbani na biti, hili linakuhusu kuliko unavyodhani.

GURUDUMU DOGO LA KUSHOTO

Zipo arenja zilizotengenezwa kwa ajili ya hili. Yamaha wana ukoo wa PSR-A kwa muziki wa Kiarabu, na Korg wana Pa ambazo unaweza kuushusha ufunguo mmoja mmoja kwa senti unazotaka. Bei zake ukiuliza unaombwa ukae kwanza. Laki sita haifiki hata mlangoni.

Lakini kuna njia ya maskini. Upande wa kushoto wa vinanda vingi kuna gurudumu dogo, la kupandisha na kushusha sauti wakati unapiga. Mara nyingi ukilivuta mpaka mwisho sauti inashuka funguo mbili, yaani senti 200. Ukilivuta robo ya safari unapata senti 50. Ndiyo hiyo nyumba ya shangazi. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unavuta kidogo pale panapohitajika, unaachia. Inataka mazoezi, lakini inawezekana.

Tatizo, PSR-E373 haina gurudumu hilo. Zile PSR-E ambazo namba yake inaanza na 4, nyingi zinalo. Kontrola nazo nyingi zinalo, na MPK Mini ina kijiti kinachofanya kazi hiyo hiyo.

Hapo ndipo mimi na shangazi tukafika njia panda. Kontrola ndogo ilikuwa inatosha kila kitu upande wangu: padi za singeli ninazo, kijiti cha senti 50 ninacho, na hela inabaki ya maikrofoni. Nilimwonyesha. Akabonyeza, kikakaa kimya. Akabonyeza tena. Nikamweleza kwamba sauti iko kwenye kompyuta. Akaniuliza swali moja: "Wewe ukiwa kwenye harusi zako, mimi nikikumbuka ubeti saa nne asubuhi, nani atanifungulia hiyo kompyuta?"

Sikuwa na jibu. Nyimbo zinazokimbia hazingoji laptopu iwake.

TULICHOCHUKUA

Hatukununua Kariakoo siku ile. Wiki mbili baadaye tulikipata cha mkononi, kwa mpiga kinanda mmoja wa Tegeta anayehamia mashine kubwa: Yamaha ya ukoo huo wa E4, funguo 61 zinazojua nguvu ya kidole, USB, gurudumu, spika zake, na betri kinakubali. Kikiwa peke yake ni cha shangazi. Kikiwa na waya wa USB kinageuka kontrola yangu. Padi sina, dramu za singeli nazichora kwa mausi kama zamani. Kilichobaki kilinunua maikrofoni ya kawaida na stendi yake.

Kwa mnaonunua cha mkononi, haya tuliyakagua na nyie mkague. Bonyeza kila ufunguo, mmoja mmoja, kwa upole halafu kwa nguvu. Kinanda kilichokaa pwani kinakula chumvi ya hewa, na ufunguo mmoja unaopiga kelele kuliko wenzake ni dalili kwamba mpira wake wa ndani umechoka au umepata uchafu. Chomeka hedifoni, tikisa waya, sikiliza kama inakwaruza. Chomeka USB kwenye laptopu yako mwenyewe, sio ya muuzaji. Na chaja soma maandishi yake: Yamaha nyingi za nyumbani zinatumia volti 12, Casio nyingi za zamani volti 9, na chanya na hasi zinaweza kuwa zimegeuzana. Chaja ya jirani "inayoingia" inaweza kukiua kinanda chako siku ya kwanza.

Halafu wengi wanalalamika kwamba wakibonyeza, sauti inachelewa, wanadhani kinanda kibovu. Mara nyingi ni kompyuta. Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya FL Studio, chagua FL Studio ASIO au ASIO4ALL ambayo ni ya bure, halafu shusha kiasi cha sampuli kinachowekwa akiba. Sekunde moja ina sampuli 44,100. Ukiweka akiba ya 256, uchelewaji unaotokana na akiba hiyo ni kama sehemu 6 za elfu za sekunde, sikio haligundui. Na tafadhali, usipige kinanda ukiwa umevaa hedifoni za Bluetooth. Zenyewe zina uchelewaji wake, na hakuna mpangilio utakaouponya.

SAUTI KWANZA, KINANDA BAADAYE

Sasa tunarekodi usiku, bodaboda zikishapungua na jirani akishazima tamthilia yake. Utaratibu wetu sio wa studio kubwa. Studio kubwa biti inatangulia, msanii anaifuata. Sisi shangazi anatangulia. Namgusia sauti moja tu ya kinanda ili ajue pa kuanzia, halafu naondoa mkono. Anaimba peke yake mpaka mwisho, bila mdundo, bila mtu wa kumvuta. Kesho yake ndipo mimi nakaa na kinanda na kuifuata sauti yake, gurudumu mkononi. Sehemu ambayo mkono haufiki kwa haraka, nafungua sauti ile ile mara mbili kwenye FL Studio, nakala ya pili naishusha senti 50, nachora noti hiyo moja huko. Kazi ya dakika tatu ya muziki inanichukua usiku mbili au tatu.

Wimbo wa kwanza ulipokamilika nilimwekea kwenye spika za kinanda hicho hicho. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ule ugomvi wa Kariakoo haukuwepo. Ulipoisha hakusifu. Akasema tu, "Hapo kwenye ubeti wa tatu nimeruka neno. Turudie."

Nikamwambia neno gani? Akafikiri. Hakulipata. Tulikaa nalo kama nusu saa, yeye anabonyeza ufunguo mmoja mmoja kwa kidole cha shahada akilitafuta, mpaka akasema niende nikalale. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikasikia kinanda kinalia chumbani kwake, kwa betri maana umeme ulikuwa umekatika. Simu yangu ikaita. "Njoo na hiyo maiki, nimelipata."

Kwa hiyo ukiniuliza ununue kinanda gani, nitakuuliza kwanza nani anaimba, na anaimba saa ngapi. Kama ni wewe na biti zako na laptopu haikauki mapajani, chukua kontrola yenye gurudumu au kijiti, hela inayobaki nunua maikrofoni. Kama ni mtu mwingine nyumbani ambaye kompyuta haimhusu, chukua arenja yenye USB, na ugeuze nyuma uione hiyo USB kwa macho yako. Kama anaimba taarab, kasida au nyimbo za kwao, nenda naye dukani, muuzaji apige, yeye aimbe. Pale watakapogombana, usimsahihishe yeye.

Mpaka leo nyimbo tatu ziko tayari, bado sita. Kikoba kimebakiza marejesho mawili. Jumamosi hii tunaanza ule wa kijembe, na jirani mwenyewe ameomba aje awepo.